Niliomba kitabu cha unesi, nikaletewa hospitali za vita vya Marekani

Nianze na huduma halafu nije kwenye kitabu, maana vyote viwili vina la kusemwa na vimechanganyikana.

Mwanangu yupo mwaka wa pili chuo cha uuguzi na bei za vitabu vipya mnazijua, kwa hiyo mimi huwa nanunua vya mitumba. Kuna kaka mmoja anatandaza vitabu chini kwenye turubai maeneo ya Posta, jioni anapiga picha anaweka status, ukipenda unalipia kwa simu boda anakuletea. Namba yake nilipewa kazini. Sasa Jumatatu moja usiku naona kaweka kitabu kinene hakina jalada, kimefunguliwa kwenye mchoro wa wodi ndefu yenye vitanda huku na huku na mama mmoja mwenye gauni la kufagia sakafu kasimama katikati, chini kaandika kitabu cha hospitali orijino, 15. Nikamuuliza kaka hicho ni cha unesi? Akajibu hapohapo, "Ndio mama, manesi watupu humo." Nikaomba kumi, akasema kumi na mbili mwisho wa reli, na boda elfu nne mpaka Tabata. Nikatuma kumi na sita bila hata kuuliza kimeandikwa mwaka gani, ujinga wangu huo nakubali.

Kiliahidiwa saa kumi jioni, kikafika saa tatu usiku, kimefungwa kwenye gazeti na gazeti limelowa. Nafungua, naona 1862. Nafungua mbele kidogo naona majenerali wenye ndevu mpaka kifuani. Nikampigia, kaka mbona umeniletea kitabu cha vita? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, si uliniuliza kama kina manesi, kwani hakina?" Yaani nilikosa la kusema, maana kinao.

Kukirudisha ningelipa boda tena elfu nne, na yeye akasema harudishi hela ila atanibadilishia na kingine chochote, vingine vyenyewe nikiangalia status ni vitabu vya kodi vya Uingereza. Nikaona basi. Nikakitia kwenye begi, nikaenda nacho zamu ya usiku nikijua nitakisoma kurasa mbili nisinzie. Wiki tatu nilikuwa nacho, aisee, nimekisoma mpaka maandishi madogo ya chini.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa najua juujuu tu kwa muvi: Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 mpaka 1865. Majimbo 11 ya Kusini yalijitoa yakaunda serikali yao, makao makuu yakawa Richmond huko Virginia, na msingi wa ugomvi ulikuwa utumwa, wao walitaka uendelee. Waliokufa pande zote kwa hesabu ya zamani ni kama 620,000, hesabu za karibuni zinafika 750,000, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti, karibu theluthi mbili ya wale hawakuuawa na risasi, waliuawa na magonjwa. Kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo, nimonia, malaria, ndui, surua. Surua jamani. Vijana wa mashambani waliokulia mbali mbali, utotoni hawajawahi kukutana nayo, unawakusanya maelfu kambi moja, choo kipo juu ya kijito wanachochota maji, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kinachofuata.

Kitabu kinahusu upande wa Kusini tu, wagonjwa na majeruhi wao na jinsi walivyohudumiwa. Na sehemu kubwa ipo kwenye hospitali moja inaitwa Chimborazo, ilikuwa juu ya kilima mashariki ya Richmond, jina la mlima wa volkano wa Ecuador. Ilifunguliwa Oktoba 1861 chini ya daktari anaitwa James McCaw. Msifikirie ghorofa. Ni mabanda marefu ya mbao yamepakwa chokaa, ya chini tu, madirisha pande zote mbili hewa ipite, yamepangwa kwa mistari na njia katikati kama mtaa, yamegawanywa idara tano, na kwa wakati mmoja inaweza kulaza watu zaidi ya 3,000. Mpaka vita inaisha walikuwa wamepokea wagonjwa kama 76,000. Ina tanuri yake ya mikate, ina kiwanda chake cha bia, ina nyumba za kuhifadhia barafu, ina ng'ombe na mbuzi wake, na ina boti yake kabisa inapanda na mfereji kwenda bara kutafuta chakula. Hospitali ina boti! Mimi nilipokuwa nasoma hapo wodini tulikuwa tunahangaika na toroli moja lenye tairi linalolia.

Na wale waliojenga mabanda ya madirisha huku na huku hawakuwa wanajua vijidudu. Daktari Lister wa Uingereza alitoa maandishi yake kuhusu kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867, vita imeshaisha miaka miwili. Walichojua ni kwamba hewa nzito inaua, wakafungua madirisha, sababu waliyoitoa siyo lakini wodi ikawa na nafuu. Kuna mambo mengi ya hivyo humu ndani. Mfano Kusini waliishiwa nyuzi za hariri za kushonea vidonda kwa sababu meli za Kaskazini zilizuia bandari zao, madaktari wakaanza kutumia nywele za mkia wa farasi, sasa zile nywele ni ngumu, ili zilainike lazima uzichemshe. Mmeelewa? Wanachemsha ili zilainike, kumbe wanaua vijidudu, na vidonda vya nywele za farasi vikawa vinapona vizuri kuliko vya hariri, na hakuna anayejua kwa nini.

Halafu funza. Nilisoma ile sehemu saa nane usiku nikiwa nakula chapati nikaiweka chini. Kuna daktari wa jeshi la Kusini, J. F. Zacharias, pale Danville, Virginia, yeye kidonda kilichooza alikuwa anakiwekea mabuu ya nzi makusudi, kwa sababu ameona mabuu yanakula nyama iliyokufa tu na nyama nzima yanaiacha, siku moja yanasafisha kuliko dawa zote alizokuwa nazo. Wenzetu sasa hivi hospitali kubwa wanafanya hivyo kwa mabuu yaliyofugwa maabara. Sisi mgonjwa akija na funza kidondani ndugu zake wanaona aibu mpaka wanasimama nje.

Kuhusu kukatwa viungo, muvi zinatudanganya. Ile ya mtu kushikwa na wanaume wanne anang'ata risasi wakati msumeno unafanya kazi, hapana, operesheni nyingi walipewa nusu kaputi, yaani klorofomu au etha. Shida ya Kusini ilikuwa klorofomu ni kidogo, na wewe ukiimwaga kwenye kitambaa ukamfunika mtu pua, nyingi inaruka hewani inapotea, sasa daktari mmoja wa Charleston, South Carolina, Julian John Chisolm, akatengeneza kikopo kidogo kinaingia mfukoni, kina mirija miwili ya kwenda puani, ndani pamba, unadondoshea matone kidogo tu mtu analala. Walikatwa wengi kwa sababu risasi za wakati ule zilikuwa za madini laini ya risasi, nzito, ikigonga mfupa haitoboi, inausaga, na mfupa uliosagika bila antibayotiki wewe mwenyewe jaza. Aliyekatwa ndani ya siku ya kwanza alikuwa na nafasi nzuri kuliko aliyecheleweshwa. Mimi nipo wodi ya mifupa, wateja wetu wakubwa ni bodaboda, hilo la kuchelewa silizungumzii hapa.

Sasa nije kwa yule mama mwenye gauni refu. Anaitwa Phoebe Pember, mzaliwa wa Charleston 1823, familia ya Kiyahudi yenye hela, mjane, kaja Chimborazo Desemba 1862 kuwa metroni mkuu wa idara ya pili. Miezi mitatu nyuma serikali yao ilikuwa imepitisha sheria ya kuweka wanawake hospitalini, metroni mkuu mshahara dola 40 kwa mwezi, na dola zenyewe zilikuwa zinayeyuka kila wiki mpaka Aprili 1863 kina mama wa Richmond waliingia mtaani wakavunja maduka kwa ajili ya mkate. Huyu mama amefika, madaktari hawamtaki, wanamuita kwa jina la kejeli, jiko hana, anaanza na supu. Alipika supu ya kuku mwenyewe kwa mikono yake, ya kwanza maishani, akaikatia majani kama kotimiri hivi ipendeze, akampelekea mgonjwa, yule kijana akaichungulia akasema supu ya mama yake haipo hivyo, na angejitahidi kuinywa kama sio hayo magugu yanayoelea. Nilicheka peke yangu mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akaamka.

Lakini vita vyake yeye vilikuwa vya pipa la wiski. Enzi zile wiski ni dawa, inaagizwa kwenye chati kabisa, anayetetemeka anapewa, aliyepoteza damu anapewa, na kwa sheria ile ile pipa la mwezi likawa chini ya metroni, funguo anakaa nazo yeye. Kabla ya hapo lilikuwa linakaa kwa wanaume na lilikuwa linaisha kabla ya mwezi. Ndugu zangu mliowahi kukabidhiwa funguo za kabati la dawa mnajua ninachosema. Ghafla kila mtu ana mgonjwa wa dharura. Ghafla daktari mkubwa anatuma kijana na kikaratasi. Ghafla wewe ndio mtu mbaya hospitali nzima. Alishika funguo zake mpaka mwisho, na Aprili 1865 Richmond ilipoanguka, jeshi limekimbia, mji unaungua, usiku wakaja wanaume kudai pipa na yeye akawaelekezea bastola. Hawakulichukua. Na wanajeshi wa Kaskazini walipoingia mjini tarehe 3 hakuondoka, alibaki na wagonjwa wake waliobakia.

Hapa ndipo nirudi kwa muuzaji, kwa sababu hapa ndipo aliponiumiza kweli.

Kuna kijana anaitwa Fisher, alipigwa kwenye nyonga, kalala miezi na miezi, mama Pember kamuuguza mwenyewe, wodi nzima inampenda kwa sababu halalamiki. Siku moja jioni anashikiliwa anatembea wodi nzima kwa mara ya kwanza, watu wanamshangilia. Amerudi kitandani, usiku anageuka, kile kipande cha mfupa kilichovunjika kina ncha, kinakata mshipa mkubwa wa damu kwa ndani. Mama Pember anaitwa mbio, anaona damu inaruka, anaweka kidole pale pale inapotokea, inasimama. Daktari anaitwa, anaangalia, anasema mshipa upo ndani mno haufikiki, hakuna la kufanya. Daktari anaondoka. Mama Pember amekaa pembeni ya kitanda, kidole hakijatoka, na kijana yupo macho, ana akili zake zote, anamuuliza ana muda gani wa kuishi. Mama anamwambia ni mpaka atakapotoa kidole.

Nageuza ukurasa. Hakuna kurasa. Vitabu vya zamani vinashonwa mafungu mafungu ya kurasa 16, fungu likiachia uzi linatoka zima, na fungu lililotoka ni hilo. Kutoka kidole kwenye mshipa naingia moja kwa moja kwenye bei ya unga wa mahindi Richmond.

Nilimpigia muuzaji saa kumi na mbili asubuhi. Akaniambia "Mama, mbona kitabu chenyewe kinene hivyo, kurasa kumi na sita unazionaje?" Nimekata simu. Siku mbili nafanya kazi nawaza kidole. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kukandamiza gozi kwenye paja la abiria wa boda tukisubiri chumba cha upasuaji kiachie, dakika arobaini, mkono ukafa ganzi mpaka begani, yule alipona, ila naujua ule joto wa damu chini ya vidole, na unajua kabisa ukihama kidogo tu. Mwisho mwanangu ndio kanitafutia kwenye simu, yule mama aliandika habari zake mwenyewe na zipo mtandaoni bure. Kijana alinyamaza kidogo, akatoa maagizo ya kumpelekea mama yake, halafu akamwambia metroni anaweza kuachia sasa. Na hakuweza. Aliganda pale, na kilichomtoa ni kwamba alizimia, mara yake moja tu kwa miaka yote ya kazi ile. Mwanangu alinisomea kwa sauti, alipomaliza akaniuliza, mama na nyie mnafundishwaje kuachia? Nikamwambia kesho una mtihani kalale.

Nisiwachoshe, kuna wengine wengi. Kate Cumming, mzaliwa wa Scotland aliyekulia mji wa Mobile, Alabama, kaenda Corinth, Mississippi baada ya mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, hoteli iliyogeuzwa hospitali, Tishomingo, majeruhi wamelazwa sakafuni vyumbani na kwenye korido, ukitaka kumpa mtu maji unapiga magoti kwenye damu. Na Sally Tompkins wa Richmond, huyu alifungua hospitali kwenye nyumba ya jaji mmoja 1861, serikali ilipotaka kuzifunga hospitali za watu binafsi zote ziwe za jeshi, rais wao Jefferson Davis akampa cheo cha kapteni ili ya kwake isifungwe, mwanamke, kapteni, tarehe 9 Septemba 1861, mshahara akaukataa cheo akakichukua. Wagonjwa 1,333 waliopita kwake walikufa 73. Kitabu kinamsifia sana kwa usafi na kweli alikuwa anasimamia kufua na kudeki kama mwendawazimu, ila mimi naongeza, nyumba ya mtu na hospitali ya watu elfu tatu sio kitu kimoja, mpe yeye Chimborazo siku ambayo treni tatu za majeruhi zimeingia halafu tuongee.

Sehemu ya dawa kila mtu wa Dar ataielewa. Kwinini ilikatika kwa sababu ya bandari kuzibwa, na Kusini ni kinamasi na mbu. Mganga mkuu wa jeshi lao, Samuel Preston Moore, akamtafuta daktari anayejua mimea, Francis Porcher wa South Carolina, aandike kila mti unaoweza kufaa kwa dawa, ikatoka 1863. Wakawa wanaloweka maganda ya miti yao mitatu, dogwood, poplar na willow, kwenye wiski, mgonjwa wa homa anakunywa, wengine wanafungwa kitambaa chenye tapentaini kiunoni. Nikamkumbuka bibi yangu na mwarobaini wake na ile sura tuliyokuwa tunatengeneza tukinywa. Kinamama waliombwa wapande mipopi bustanini kwa ajili ya afyuni. Kahawa nayo ilikatika wakakaanga mbegu za bamia wakasaga, nimejaribu nyumbani, hapana, msijaribu.

Sasa lawama yangu kwa kitabu chenyewe, na hii ni kubwa kuliko kurasa 16.

Mimi nikisoma habari ya wodi naangalia nani anafanya nini. Mikate ya maelfu ya watu nani kaikanda? Mashuka yenye usaha nani kafua, kwenye mto, Januari, baridi ya Virginia? Maji nani kapandisha kilimani? Kitabu kina kurasa mia nne na kitu na hao watu wanapita kama vivuli, mara "watumishi", mara "wapishi", hakuna mwenye jina. Walikuwa watumwa. Chimborazo ilikuwa inawakodi mamia kutoka kwa mabwana zao, wanaume kwa wanawake, wanapika, wanafua, wanageuza wagonjwa, wanalisha, wanazika, na malipo anachukua bwana. Sio mimi nasema, daktari McCaw mwenyewe mwaka 1862 aliwaandikia wakubwa wake kwamba bila hao watu hospitali haiwezi kuendelea. Kwa hiyo una askari aliyejeruhiwa akipigania utumwa uendelee, na anayemshikia kikombe cha maji mdomoni ni mtumwa. Kitabu kinalisema hilo kwenye ukurasa mmoja na nusu kisha kinarudi kwa mama Pember na pipa lake. Nilipandwa na hasira kweli, maana hata mimi nilishampenda mama Pember wa watu, na yeye alikulia kwenye nyumba zenye watumwa na habari zao kwake ni za kupita tu.

Na msione ni mambo ya mbali. Soko la watumwa la Mkunazini pale Unguja lilifungwa 1873, miaka minane baada ya vita ile kuisha, yaani siku mama Pember anapika supu yake watu walikuwa wanauzwa hapo ng'ambo, kwa boti ya sasa ni mwendo wa saa mbili. Na kile kitambaa ambacho bibi zetu waliita merikani ndio hichohicho, pamba imechumwa na watumwa Kusini, imefumwa viwanda vya Kaskazini, imeletwa Unguja na meli za Salem, mji wa bandari huko Kaskazini, vita ilipoanza ikaadimika, Wahindi na Waingereza wakajaza nafasi na vitambaa vyao.

Kitu kimoja nilikipenda, kilichoandikwa kwa mistari minne tu karibu na mwisho: vita ilipoisha yale mabanda ya Chimborazo waliyakalia watu weusi walioachiwa huru, na ikafunguliwa shule humo humo. Mistari minne! Hapo ndio nilikuwa nataka kurasa mia.

Naomba nimalizie na mguu. James Hanger, kijana wa miaka 18, siku mbili tatu tu jeshini, Juni 3, 1861 huko Philippi, Virginia, mzinga umempata akiwa kwenye banda la farasi, mguu ukakatwa juu ya goti, inasemekana ndio wa kwanza kukatwa vita nzima. Akapewa mguu wa gogo, unagonga gonga haukunji. Akarudi kwao akajifungia chumbani juu, familia wanadhani analia, kumbe anachonga, kachukua mbao za pipa akatengeneza mguu wenye bawaba gotini na kwenye kifundo, siku moja akashuka ngazi anatembea. Akafungua kampuni, ipo mpaka leo. Na walikuwa wengi wa kuwauzia, jimbo la Mississippi mwaka 1866 lilitumia sehemu moja ya tano ya mapato yake yote kununua miguu na mikono ya bandia.

Hii habari nilimsimulia mgonjwa wangu mmoja, fundi samani wa Keko, mguu wake aliacha Mandela Road, siku ya nane haongei na mtu, chakula anarudisha. Nimemaliza kusimulia amenyamaza, nikajua nimekosea. Baadaye napita na dawa ananiita, "Sista, umesema mbao za pipa?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Huyo jamaa alikuwa na akili, mbao ya pipa imeshapinda tayari, hakuwa na haja ya kuikunja kwa moto." Kitabu chote, na nani sijui maprofesa walioandika, hakuna aliyesema hilo. Jioni akataka kuona mchoro wa bawaba, akaukosoa, akaomba penseli.

Kwa hiyo kitabu nakipa nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya wale wapishi. Muuzaji nyota mbili, moja ya bei na moja ya jibu lake la manesi, sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Boda nyota moja, gazeti halizuii mvua. Msiniombe kuazima, kipo kwa sista inchaji tangu mwezi uliopita na kila nikiuliza anasema amefika kwenye pipa.

Mwanangu kitabu cha unesi bado hajapata. Mwenye nacho aje inbox, apige picha kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho, nitahesabu.